Usiku Kocha Alipokubali Kufungwa

Jumanne ya tarehe 1 Oktoba 2024, saa 4 usiku, nilikuwa kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza kimoja cha Makorora, Tanga. Kiingilio nimeshatoa, karanga ziko mkononi. Arsenal walikuwa wanawakaribisha PSG ya Paris, na kibanda kizima kilikuwa chekundu. Mtaani kwetu ukirusha jiwe gizani, atakayelia ni shabiki wa Arsenal.

Vikosi vikatokea kwenye skrini. Jamaa mmoja aliyekuwa amebeti akainuka nusu: "Dembélé yuko wapi?"

Ousmane Dembélé, winga wa PSG, hakuwemo. Si kwenye kikosi cha kuanza, si benchi. London kwenyewe hakufika.

"Anaumwa paja huyo, kama kawaida yake," akasema mwenye kibanda, tukacheka wote. Utani wa Dembélé na paja lake ulikuwa umeshazeeka, lakini bado ulichekesha.

Kumbe paja lilikuwa zima. Kocha wake, Mhispania Luis Enrique, alikuwa ameshawaeleza waandishi wa habari kwamba mchezaji asiyetimiza yale ambayo timu inamtaka ayatimize hayuko tayari kucheza, basi. Alikana kuwa kuna ugomvi. Alichokuwa anataka ni kumwona wiki inayofuata yuko tayari.

Havertz akafunga dakika ya 20, Saka akaongeza dakika ya 35. Mpira ukaisha 2-0. PSG walipiga pasi nyingi nzuri zisizokwenda popote, na hata mtoto aliyekuwa anauza mayai pale mlangoni aliona kwamba hawana mtu wa kumpita beki. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe: Huyu Mhispania ana kiburi cha kijinga. Akanijibu papo hapo: "Kaka, kocha gani anamwacha fundi nyumbani siku ya mechi kubwa?"

Jibu lake lile nimekaa nalo muda mrefu. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuuliza swali hilo.

Mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Alikuwa winga, anatumia miguu yote miwili, na hapa sitii chumvi za kindugu. Watu walikuwa wanatoka Ngamiani na Chumbageni kuja kumwangalia kwenye kiwanja chetu cha mchanga. Alikuwa na mtindo wa kuusimamisha mpira kabisa, anamtazama beki usoni kama anayemuuliza habari za nyumbani. Beki akitikisa bega tu, imekwisha. Tobo. Wazee waliokaa kwenye mizizi ya mwembe wanapiga mapaja yao, wanacheka mpaka wanakohoa.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu. Kanuni yake ilikuwa moja: saa 10 alasiri uwe kiwanjani, umevaa. Ukifika saa 10 na dakika tano wewe ni mtazamaji. Mdogo wangu alikuwa anaingia saa 11 kasorobo anatafuna muwa. Mwalimu akaonya, akamwita mama mdogo, akaonya tena. Ikafika fainali ya kombe la mtaa, zawadi ni beberu na seti ya jezi, Mwalimu akamwacha nje.

Nampa heshima yake kwa dakika 45 zile. Tulikwenda mapumziko tumefungwa moja. Mzee aliyetununulia mipira akashuka kutoka alipokuwa amekaa, vijana wakalizunguka benchi, akina mama wa upande wa pili wanaimba jina la mtoto. Mwalimu akamtazama mdogo wangu. Akamtazama beberu aliyefungwa pale kwenye mnazi. Akasema, "Haya, vaa."

Akavaa. Akafunga mawili. Usiku ule tulikula nyama, na mimi nilikula sana.

Baada ya hapo mdogo wangu alikuwa anakuja mazoezini saa anayotaka, na sikumwona tena Mwalimu akiangalia saa yake ya mkononi. Miaka miwili baadaye timu moja ya ligi ilimwita Dar es Salaam kwa majaribio ya siku nne. Siku ya kwanza aliwamaliza. Siku ya pili alichelewa, wakamwambia achukue begi lake. Alirudi Tanga, akaliweka begi mlangoni, akasema, "Wale hawajui mpira." Na mimi kaka mtu, niliyejifanya nimesoma, nikamwambia: "Tulia, watakutafuta wenyewe."

Hii ndiyo sababu nimemfuatilia Ousmane Dembélé miaka yote hii kwa jicho la mtu anayemfahamu.

Alizaliwa Vernon mwaka 1997 na kukulia Évreux, mji wa kawaida tu magharibi mwa Paris, kwenye mtaa wa maghorofa unaoitwa La Madeleine. Wazazi wake wana asili ya Afrika Magharibi. Msimu wake wa kwanza wa ligi kuu ya Ufaransa, 2015/16, akiwa na Rennes, alifunga mabao 12 katika mechi 26. Wakati huo alikuwa na miaka 18. Kuna mahojiano yake ya siku zile, anaulizwa mguu wake ni upi. Anasema wa kushoto. Anaulizwa, sasa mbona penalti unapiga na wa kulia? Anajibu kwamba wa kulia ndio anaopigia vizuri zaidi. Mtu wa namna hiyo utamkabaje, wakati hata yeye mwenyewe hajui?

Mwaka 2016 akaenda Borussia Dortmund chini ya Thomas Tuchel. Akakaa msimu mmoja, akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ujerumani waliyowafunga Eintracht Frankfurt 2-1. Kisha ikaja Agosti 2017. Neymar alikuwa ameondoka Barcelona kwa euro milioni 222, Barcelona wana fedha mkononi na jeraha moyoni, wanamtaka Dembélé. Dortmund wanasita. Dembélé hakufika mazoezini. Wakamsimamisha, akaendelea kukaa kando, na kabla mwezi haujaisha Barcelona walikuwa wameshalipa euro milioni 105, nyongeza pembeni.

Alikuwa na miaka 20, na alipata alichokitaka kwa kutofika mazoezini. Lile lilikuwa beberu lake. Kubwa kidogo kuliko letu.

Yaliyofuata Barcelona yanajulikana, sitayarefusha. Septemba ile ile, ugenini kwa Getafe, alijaribu kupiga mpira kwa kisigino, msuli wa nyuma ya paja ukachanika, akapelekwa Finland kufanyiwa upasuaji. Akarudi Januari, akaumia tena. Akarudi, akaumia. Magazeti ya Hispania yakaandika habari za kuchelewa mazoezini na faini. Mei 2019, Barcelona wakiwa mbele 3-0 dhidi ya Liverpool, sekunde za mwisho kabisa akabaki na kipa, akampa mpira mikononi kama anamkabidhi mtoto. Wiki iliyofuata Liverpool wakashinda 4-0 kwao Anfield na kuwatoa, na kila mmoja wetu akaikumbuka ile pasi kwa kipa. Januari 2022 klabu ikamwambia hadharani asaini mkataba mpya au aondoke. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Uwanja wao wa Camp Nou ukampigia filimbi. Kocha wao Xavi, ambaye alikuwa anasema kwa sauti kubwa kwamba kijana huyu anaweza kuwa bora duniani katika nafasi yake, akamrudisha uwanjani, na akamaliza msimu akiwa kinara wa pasi za mabao katika La Liga, ligi ya Hispania, 13.

Misimu sita, mechi 185, mabao 40.

Hapa lazima nijisahihishe mwenyewe, maana kwenye kibanda nimesema mengi. Sehemu kubwa ya kile tulichokiita uvivu ilikuwa misuli. Mtu aliyepasuliwa paja akiwa na miaka 20, kisha akapasuliwa tena mwaka 2020, huwezi kumhukumu kama mtu aliyekataa kukimbia. Sisi watazamaji hatuna subira na majeraha tusiyoyaona. Mtu akivunjika mguu tunamwonea huruma, akichanika msuli tunasema anajidai. Lakini mwili mwenyewe nao unataka adabu yake, usingizi, chakula, mazoezi ya kuimarisha misuli, na Dembélé alichelewa kuyajua hayo. Alipoyajua, alijitafutia wataalamu wake wa mwili na wa chakula, akaoa, akatulia. Hiyo si kazi ya Luis Enrique. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani naandika hadithi ya kocha mmoja aliyemfufua maiti.

Agosti 2023 PSG walimchukua kwa kama euro milioni 50. Luis Enrique alikuwa ameingia mwezi mmoja kabla. Msimu wa kwanza, mashindano yote, Dembélé alifunga mabao sita. Mbappé alikuwapo bado. Kazi ya Dembélé ilikuwa kumpita beki na kutoa pasi, na lawama za mabao zilikwenda kwingine. Kisha Juni 2024 Mbappé akatangazwa Real Madrid.

Sasa kocha. Ukitaka kumwelewa Luis Enrique, usianze na makombe yake. Anza na Februari 2012. Alikuwa AS Roma, hana jina kubwa bado kama kocha, mechi ni ugenini kwa Atalanta. Daniele De Rossi, mtoto wa Roma, kipenzi cha mji mzima, alichelewa kidogo kwenye kikao cha timu. Hakucheza. Roma wakafungwa 4-1. Mwisho wa msimu Luis Enrique akaondoka.

Januari 2015, akiwa Barcelona, alimwanzisha Messi benchi ugenini kwa Real Sociedad, Messi akiwa ametoka tu likizo ya Krismasi. Wakafungwa 1-0. Magazeti yakamchinja. Msimu ule ukaisha kwa makombe matatu.

Halafu Oktoba 2024, Dembélé, 2-0.

Mara tatu amemweka kando mtu ambaye huwa hawekwi kando, mara tatu amefungwa. Kabla ya msimu ule ningekwambia hiyo ni orodha ya makosa. Siku hizi naitazama orodha hiyo na kumfikiria Mwalimu pale kwenye mnazi. Ukali wa Mwalimu ulikuwa wa kweli, hakuigiza, lakini ulikuwa na bei: beberu mmoja na sauti za akina mama. Mdogo wangu aliijua bei hiyo kabla ya Mwalimu mwenyewe kuijua. Alikuwa amekaa pale pembeni hana hata wasiwasi, anafunga kamba za viatu polepole. Alijua ataitwa.

Dembélé naye alikuwa na sababu zote za kujua kwamba ataitwa. Dortmund ilikuwa imemfundisha. Barcelona, pamoja na kelele zote za Januari ile, ilikuwa imemfundisha. Ni mara ngapi mtu amwambie "hapana" ambayo baadaye inageuka "haya, vaa"? Kumwacha nje kwenye mechi na timu ya mkiani ya ligi ya Ufaransa kusingemwonyesha kitu. Wangeshinda tano na yeye angerudi wiki ijayo na muwa wake. Ilibidi iwe London. Ilibidi PSG wafungwe na kocha atukanwe, na mimi niwe mmoja wa wanaomtukana kutoka Makorora.

Mambo hayakunyooka hapo hapo. Tarehe 26 Novemba, ugenini kwa Bayern Munich, Dembélé alipata kadi mbili za njano, akatoka, PSG wakafungwa 1-0 na kujikuta chini ya mstari wa timu 24 zinazovuka. Ligi ya Mabingwa ilikuwa inawaponyoka kabisa. Kama nilikuwa na shaka juu ya kocha mwezi wa kumi, mwezi wa kumi na moja nilikuwa na uhakika.

Mwezi wa kumi na mbili akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Alimtoa pembeni akamweka katikati, mshambuliaji wa kati.

Watu wanasimulia sana habari ya adhabu, hii wanaipita haraka. Pembeni mstari wa uwanja ni beki wa ziada. Winga ana njia mbili tu, kwenda nje au kukata ndani, na beki mzuri anaweza kumnyima moja. Katikati, mtu mwenye miguu miwili kamili ana njia kila upande, na beki aliyezoea kusoma mguu hana cha kusoma. Tena Dembélé hakai pale mbele akisubiri krosi. Anashuka hadi kiungo, anachukua mpira, beki wa kati anabaki na swali: nimfuate niache shimo, au nibaki nimwache ageuke? Akifuata, winga Barcola au Doué anapita kwenye shimo. Januari 2025 akaongezeka winga mwingine, Kvaratskhelia, kutoka Napoli, na swali likawa gumu zaidi.

Lakini nafasi ile ina deni. Katika timu ya Luis Enrique, mpira ukipotea, wa kwanza kukaba ni aliye mbele. Wakikabia juu, yeye ndiye anayeanzisha. Akichelewa nusu sekunde, kumi walio nyuma wote wamechelewa. Winga anaweza kupumzika. Nimecheza winga, vibaya, naapa kwamba inawezekana kupumzika dakika nzima hakuna anayekuona. Katikati hakuna pa kujificha. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeachwa nyumbani kwa kutotimiza wajibu alipewa wajibu mkubwa kuliko wote, na alipewa akiwa na miaka 27, baada ya miaka mingi ya watu kumpamba kwa vipaji na kumwekea matarajio madogo madogo ya kazi.

Mwalimu wetu hakuwahi kufika hapo. Alijua kumtoa mtoto, hakuwahi kufikiria kumpa kitambaa cha unahodha.

Januari ikaja. Manchester City wakaongoza 2-0 jijini Paris, Dembélé aliyeingia baada ya mapumziko akafunga la kwanza, ikaisha 4-2. Wiki moja baadaye mabao matatu dhidi ya Stuttgart. Siku tatu baadaye matatu mengine dhidi ya Brest. Liverpool wakatolewa kwa penalti kwenye uwanja wao wenyewe, bao la PSG usiku ule likiwa la Dembélé. Msimu ulipofungwa kabisa alikuwa na mabao 35 katika mechi 53. Mtu wa mabao 40 katika miaka sita ya Barcelona.

Na tarehe 29 Aprili 2025, Jumanne nyingine, saa 4 ile ile, uwanja ule ule wa London. Nusu fainali. Safari hii alikuwa kwenye kikosi, na nilikuwa bado natafuta pa kukaa aliposhuka hadi katikati ya uwanja, akaupokea mpira, akausogeza kushoto kwa Kvaratskhelia, akakimbia. Hakuna aliyemfuata. Mpira ukarudi, mguu wa kushoto, nguzo, wavuni. Dakika ya nne. Kibanda kilinyamaza hadi nikasikia feni ikizunguka. Mwenye kibanda hakusema lolote kuhusu paja.

Fainali nilikwenda kuitazama na mdogo wangu. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 31 Mei, Munich, PSG na Inter Milan. Alikuja na bajaji yake baada ya kupeleka abiria wa mwisho Raskazone, akaiegesha nje pale tunapoweza kuiona. PSG walishinda 5-0. Doué alifunga mawili, watu wakamzungumzia Doué. Dembélé hakufunga. Alitoa pasi mbili za mabao, lakini si hizo zilizomshika mdogo wangu.

"Mtazame," aliniambia, mechi haijafika hata nusu saa. "Mtazame anavyomtazama kipa."

Sommer, kipa wa Inter, alikuwa na mpira miguuni, anatafuta wa kumpa. Dembélé alikuwa amesimama ukingoni mwa eneo la penalti, ameinama, mguu mmoja mbele, macho kwa kipa, kama mkimbiaji wa mita 100 anayesubiri bunduki. Kila Sommer alipoinua mguu, yule anachomoka. Mpira huo, na mwingine, na mwingine. Matokeo yakiwa yameshapotea kwa Inter bado anachomoka. Baada ya mechi Luis Enrique alisema yeye angempa Dembélé Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, kwa jinsi tu alivyokaba usiku ule. Septemba 22 akapewa kweli, pale Théâtre du Châtelet, akalia, mama yake akapanda jukwaani. Nililia kidogo na mimi, simu mkononi, sijui kwa nini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Usiku ule wa fainali tulitoka kibandani, mdogo wangu akawasha bajaji, akaizima tena. Akakaa na mikono kwenye usukani.

"Ile siku aliyomwacha," akaniuliza, "na Arsenal. Walifungwa ngapi?"

"Mbili bila."

"Na kocha hawakumfukuza?"

"Hawakumfukuza."

Akatikisa kichwa, akawasha, tukaondoka.